Kifundo cha mguu na mlima wa Kadutu: radio itaona nini?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kine (tiba ya mazoezi ya viungo) wa mwaka wa mwisho, Bukavu:

"Docta, jambo. Kwa TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo, nataka kuchunguza namna kifundo cha mguu kinavyotembea kwa wamama wanaobeba mizigo kutoka ziwani kupanda Kadutu. Wengi wameniambia wakipanda, kisigino hakigusi tena chini, na jioni kifundo kinauma kwa mbele. Muongozaji wangu anasema bila picha kazi haitakuwa ya kisayansi. Nifanye radio (eksirei), ekografia (picha ya mawimbi ya sauti), ao niombe skana (eksirei ya vipande vipande kwa kompyuta)? Na je, picha iliyosimama inaweza kuonyesha kitu kinachotembea?"

Jambo, mdogo wangu, na pole na TFC.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yanalitegemea. Picha moja haionyeshi mwendo. Inaonyesha mfupa ulikuwa wapi pale kitufe kilipobonyezwa, basi. Mwendo unautafuta mwenyewe kwa hesabu ya kutoa: mfupa ulipo sasa, toa ulipokuwa. Hata zile mashine za gharama zinazotoa video ya mifupa ndani ya mguu unaotembea zinafanya kutoa huko huko, ila makumi ya mara kwa sekunde moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine gani, jiulize unafuata mfupa gani, na unaulinganisha na upi.

Hapo ndipo kifundo kinapowatesa watu. Tunakizungumzia kama bawaba moja ya mlango, kumbe ni viungo viwili vilivyopandana. Juu, muundi (mfupa mkubwa wa goko) na fibula (ule mwembamba wa pembeni yake) vimeubana mfupa wa talusi kama koleo, na talusi inazunguka katikati yake: unyayo unainuka, unyayo unashuka. Chini, talusi hiyo hiyo imekalia mfupa wa kisigino, na hapo ndipo mguu unapogeuka ndani au nje ukikanyaga jiwe. Talusi ni mfupa wa ajabu kidogo. Hakuna msuli hata mmoja unaojishikiza kwake, zaidi ya nusu ya uso wake imefunikwa na gegedu, na kutoka nje unaugusa kwa shida sehemu ndogo tu. Ukibandika alama kwenye ngozi ya goko na nyingine kwenye unyayo, halafu ukapiga video, unachopima ni jumla: kiungo cha juu, kiungo cha chini, pamoja na vile vya katikati ya unyayo ambavyo navyo vinakunjika. Talusi imekaa katikati ya jumla hiyo na huioni.

Ndiyo maana picha za mionzi ziliingia katika jambo hili. Göran Selvik, kule Lund nchini Sweden, alieleza mwaka 1974 njia ya kupachika vishanga vidogo vya chuma cha tantalamu ndani ya mfupa, kisha kupiga radio mbili kwa pamoja kutoka pande mbili. Tantalamu inaonekana kwenye picha kama nukta nyeupe kali, na mwili hauikatai. (Nadhani sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa tantalamu ni nini, inachimbwa kwetu, watu wa Sweden wakaiweka kwenye talusi.) Mwaka 1989 Arne Lundberg na wenzake wa Stockholm waliitumia kwa watu 8 wazima waliojitolea kuwekewa vishanga hivyo katika mifupa ya mguu, wakawasimamisha katika nafasi mbalimbali na kupiga picha kila nafasi. Waliona kwamba kuinua na kushusha unyayo ni kazi ya kiungo cha juu zaidi, lakini viungo vya upinde wa unyayo vinachangia sehemu isiyo ndogo, hasa mtu anaposhusha vidole. Waliona pia kwamba mhimili ambao talusi inauzunguka haukai mahali pamoja. Mguu ukikunjwa kwenda juu mhimili umeinama upande mmoja, mguu ukinyooshwa kwenda chini mhimili unainama tofauti. Barnett na Napier walikuwa wameshalisema hilo tangu mwaka 1952 kwa kuchunguza umbo la mfupa wenyewe. Vishanga vilikuja kulithibitisha kwa watu walio hai.

Chukua kikombe chenye mdomo mpana na kitako chembamba, kilaze mezani, kisukume. Hakiendi mbele moja kwa moja, kinakata kona. Kwa muda mrefu umbo la talusi lilifundishwa hivyo: kipande cha koni ambacho ncha yake nyembamba inaelekea upande wa ndani wa mguu. Mwaka 2014 Sorin Siegler na wenzake, Marekani, walipima talusi kwa skana wakakuta ncha ya koni inaelekea nje, kinyume kabisa na ilivyokuwa vitabuni. Ninakutajia hili kwa sababu utakutana na michoro inayopingana, na utadhani umesoma vibaya. Hukusoma vibaya.

Siku hizi vishanga havihitajiki tena. Mtu anafanyiwa skana mara moja ili kompyuta ipate umbo kamili la kila mfupa wake. Kisha anatembea katikati ya mashine mbili za fluoroskopia (radio inayotoa video) zilizokatana kwa pembe, na kompyuta inaugeuzageuza ule mfupa wa kuchora mpaka kivuli chake kilingane na kivuli halisi katika video zote mbili. Umeme ukikatika jioni, angalia watoto wakicheza na vivuli vya mikono ukutani. Kwa taa moja, ngumi na kiganja kilichosimama kwa ubavu vinaweza kutoa kivuli kile kile. Ongeza taa ya pili kutoka pembeni na hila inakwisha. Ndiyo siri yote ya mashine mbili. Zinafuata mfupa kwa usahihi wa chini ya milimita 1, na katika kifundo milimita ina maana: Ramsey na Hamilton walionyesha mwaka 1976 kwamba talusi ikihama kwenda nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa inagusana linapungua kwa asilimia 42.

Sasa turudi Bukavu.

Skana usiombe. Mgonjwa amelala, mguu hauna mzigo, na mionzi yake ni mingi kuliko ya radio. Kwa swali lako haitakulipa. IRM, mashine ya sumaku, inaonyesha gegedu na ligamenti (kamba zinazoshikanisha mifupa) vizuri kuliko chombo kingine chochote, lakini mtu amelazwa ndani ya handaki, na ili kupata mwendo inabidi arudie tendo lile lile mara nyingi huku mashine ikikusanya vipande vya picha. Mama wa Kadutu na mzigo wake haingii humo. Ekografia naiheshimu sana, haina mionzi, na inaonyesha kitu kikitembea papo hapo. Kama swali lako lingekuwa juu ya waliotegukwa, ningekwambia uifuate na usitazame nyuma: unaweka kichwa cha mashine mbele ya nundu ya nje ya kifundo, unavuta unyayo mbele polepole, na unaona ligamenti ikikazika au ikilegea, na pengo kati ya talusi na fibula likifunguka. Ila sauti haipenyi mfupa. Inakuonyesha ukingo wa mbele kama mstari mweupe, nyuma yake ni giza. Pembe ya talusi nzima huwezi kuipata humo.

Inabaki radio. Inafaa, kwa masharti, na sharti la kwanza nimelijua kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na kijana mcheza mpira aliyetoka kwenye plasta. Nikapigiwa radio mbili za ubavuni, moja siku ya kwanza, nyingine baada ya wiki sita za mazoezi. Nikachora mistari yangu, nikapima: kifundo kimeongeza digrii 9. Nilitembea hospitalini kama mwenye harusi. Muzee mmoja fundi wa radio alizichukua picha zile, akaziweka kwenye taa, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Huyu wa pili mbona ana mabega mawili?" Sikuelewa. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Juu ya talusi kuna kuba lenye kingo mbili, ya ndani na ya nje. Picha ya ubavuni ikipigwa sawasawa, kingo zile zinalaliana na unaona mstari mmoja safi. Katika picha yangu ya pili zilikuwa zimeachana, upinde mmoja juu ya mwingine, na fibula ilikuwa imerudi nyuma ya muundi kuliko kwenye picha ya kwanza. Kijana alikuwa amegeuza mguu kidogo kitandani, na mimi nikaita kule kugeuka "maendeleo". Tulirudia picha, mguu umetulizwa kwa mifuko ya mchanga. Zilibaki digrii 4.

Basi kila radio utakayoipata, kabla ya kushika rula, tafuta mabega. Ukiona mawili yaliyoachana, picha hiyo usiipime.

Sharti la pili: mtu asimame. Kifundo kilicholala kitandani na kifundo chenye kilo zake juu yake havifanani. Tengeneza sanduku la mbao la urefu wa kama kiti cha jikoni, mama apande juu yake ameshikilia kitu, kaseti (bamba linalopokea picha) isimame katikati ya miguu, mwale uje kwa ulalo ukilenga nundu. Picha ya kwanza goko likiwa wima. Ya pili asukume goti mbele mpaka pale kisigino kinapotaka kuinuka, asimame hapo. Umbali wa mashine usibadilike. Wenzako watakusumbua kwamba radio inakuza kila kitu, na ni kweli: mashine ikiwa sentimita 100 kutoka kwenye kaseti na kifundo kiko sentimita 10 mbele yake, kila urefu umekuzwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 11. Lakini wewe unapima pembe, na pembe haikuzwi mradi mfupa umekaa sambamba na kaseti. Ukitaka kupima milimita, ndipo utabandika sarafu au kipande cha chuma unachokijua kipenyo chake, karibu na mfupa wenyewe.

Mwambie fundi wako mapema kwamba unahitaji angalau sentimita 12 za muundi ndani ya picha. Mafundi wana tabia ya kubana picha kwenye kifundo peke yake, jambo zuri kwa mvunjiko, ila kwako ni msiba, kwa kuwa mhimili wa muundi unaupata kwa kutafuta katikati ya mfupa kwenye vimo viwili vilivyoachana. Vikikaribiana, mkono ukitikisika milimita moja mstari unahama digrii nzima.

Kwa talusi, dawa yangu ni karatasi ya kalke, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Ilaze juu ya picha ya kwanza, fuatisha muundi na talusi kwa penseli ngumu. Hamisha kalke juu ya picha ya pili, linganisha muundi na muundi mpaka ukae. Utaona talusi ya penseli na talusi ya picha zimepishana. Weka alama, kisha zungusha kalke mpaka talusi ikae juu ya talusi. Ulivyozungusha ndivyo kiungo cha juu kilivyotembea. Kipime kwa kipimapembe. Picha zikiwa kwenye kompyuta, programu ya bure ImageJ itakufanyia hivyo hivyo, lakini fanya tano za kwanza kwa mkono. Macho yatajifunza.

Pima kila picha mara mbili, siku mbili tofauti, bila kuangalia namba ya kwanza. Tuseme unakosea digrii 2 kwa kila picha. Ukitoa moja kwa nyingine, makosa hayajifuti, yanakua mpaka karibu digrii 3. Ukija kuandika kwamba wabebaji wamepungukiwa digrii 2 kuliko wauza sokoni, mjumbe wa jury mwenye akili atakuuliza kosa lako la kupima ni kiasi gani, na utatamani ardhi ipasuke.

Sasa mionzi. Radio ya kifundo ni kama milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 0.001, wakati ardhi, anga na chakula vinatupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Yaani ni sawa na saa chache za kuishi tu. Hofu ya saratani hapa haina msingi. Lakini udogo wa kipimo haukupi ruhusa. Mama mzima anayepigwa mionzi ili wewe upate diploma hapati chochote yeye, kwa hiyo pita kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo, mweleze kwa Kiswahili au kwa Mashi mpaka arudie kwa maneno yake, na swali la mimba muulize kando, si mbele ya wenzake kwenye foleni.

Na hapa muongozaji wako naomba anisamehe. Ana haki nusu. Picha haiifanyi kazi kuwa ya kisayansi. Inajibu swali fulani tu. Nikilisikia lalamiko la wamama wako, nasikia maswali mawili: kifundo kinafika wapi, na kinazuiwa na nini. La kwanza halihitaji mionzi hata kidogo. Msimamishe mbele ya ukuta, kidole gumba kielekee ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, na urudishe unyayo nyuma kidogo kidogo hadi mwisho. Pima kutoka kidole hadi ukuta. Kila sentimita ni zaidi kidogo ya digrii 3, na ukitaka pembe yenyewe, simu yako ina kipima mwinamo: ibandike kwenye goko. Kipimo hiki kinapata jumla ya viungo, nilivyosema juu, lakini jumla hiyo ndiyo anayopandia mlima.

La pili ndilo la radio, na si kwa kila mtu. Mlaze, inua unyayo goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa. Silfverskiöld, daktari wa Sweden, alilieleza hilo mwaka 1924 na bado halijazeeka. Msuli wa juu wa shavu la mguu unavuka goti, kwa hiyo goti likikunjwa unalegea. Kifundo kikifunguka hapo, mkosaji ni huo msuli, na radio haitakuonyesha kitu. Kisipofunguka, na mama akaonyesha kwa kidole kimoja mbele ya kifundo kwamba "hapa ndipo panagonga", basi mpeleke radio. Tafuta kijiba cha mfupa kwenye mdomo wa mbele wa muundi, na kingine kinachokingana nacho kwenye shingo ya talusi. Wacheza mpira wanavipata sana. Katika picha ya pili, goti likiwa mbele, utaviona vikibusiana. Hiyo ni picha ambayo ukuta hauwezi kukupa, na mama huyo ana maumivu, kwa hiyo mionzi ina sababu yake.

Jambo moja zaidi, na pengine lingekuja mbele. Usidhani kisigino kisichogusa ni kifundo kilichokakamaa. Njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 4 ina mwinamo wa digrii 14, na Kadutu kuna pahali panapoizidi hiyo. Ukiweka unyayo wote chini hapo, umeshakunja digrii 14 hata kabla goti halijaenda mbele. Weka na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwili umeinama: kifundo chochote kizima kingekuwa kimefika mwisho wake au karibu. Mimi nimewatazama wamama hao kwa miaka. Wengi wanapanda kwa vidole, wengine wanatupa unyayo nje kama bata, na wazoefu hawapandi moja kwa moja, wanakata mlima kwa zigizaga ili kupunguza mwinamo. Yule wa zigizaga unaweza kumkuta na kifundo kigumu kuliko wote, lakini kisigino chake kinagusa! Kwa hiyo piga video ya simu kutoka ubavuni, simu kwenye kigingi, kimo cha goti, na mzigo na bila mzigo, na chukua ubao wenye kabari ya digrii 14 ili kila mmoja asimame juu yake mbele yako kwa mwinamo ule ule.

Nenda jioni, baada ya safari ya mwisho. Asubuhi kila dakika anayosimama kwako ni gunia lililochukuliwa na mwenzake, na hata akikubali kwa heshima, atalisukuma goti haraka haraka ili umwachie aende. Na mpe kiti kwanza.